Inchi ya Kwanza

Machi 11, Jumatano

Mvua imeanza leo mchana na paa linavuja palepale, juu ya meza ya pasi. Nimeweka beseni. Baba alikuwa akisema yeye na tundu lile wanajuana kwa majina. Kila mwaka aliahidi kuliziba mvua ikiisha, na mvua ikiisha nani tena anakumbuka tundu?

Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu tumzike, na ndiyo siku ya kwanza nimefungua chumba chake cha kushonea. Cherehani yake nimeiacha na kifuniko. Nimekaa kwenye yangu, ya pili, karibu na mlango, ambako nimekaa miaka kumi na moja nikipiga pindo, nikitoboa matundu ya vifungo na kuunga kola. Kukata sijawahi. Kukata ilikuwa kazi yake peke yake, na kila nilipoomba alinijibu jibu lilelile, huku anatabasamu kama mtu mwenye pipi mfukoni: "Wewe ulishakata mapema. Ngoja zamu yako irudi." Sikuwahi kuelewa. Nilidhani ananitania kwa haraka zangu.

Kaka alikuja kabla sijawasha pasi. Kaka ni mtu wa ofisi, hata kusimama anasimama kama yuko kwenye foleni. Akasema, "Mdogo wangu, tusidanganyane. Mkono wa mzee umekwenda na mzee. Tufunge chumba, mashine tuwape watu watakaozitumia."

Nikamwambia kuna nguo kumi na tisa za watu humu. Kumi na mbili Baba alishazikata, saba ni vitambaa vizima.

"Utazikata wewe?"

"Nitazikata mimi."

Akatazama beseni, kisha akanitazama. "Haya. Mpaka mvua iishe. Ikiisha na watu hawajaridhika, tunafunga bila ugomvi."

Tukapeana mkono kama wafanyabiashara. Naandika haya nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu ndilo lenye kurasa tupu. Mbele ni vipimo vya watu, kwa mwandiko wangu. Baba alikuwa anapima na kutamka kwa sauti, "Kifua arobaini! Kiuno thelathini na sita!", nami naandika. Majina alikuwa anawapa yeye. Nusu ya watu humu wakijua wanavyoitwa hawatarudi.

Machi 14, Jumamosi

Nguo alizokata Baba zinatoka. Leo wamechukua watu watatu na zote zimekaa kama zimemwagiwa mwilini.

Mmoja ni mpakiaji mizigo wa stendi. Alivaa suruali, akajigeuza mbele ya kioo chetu chenye ufa, akasema, "Unajua kwa nini sikuwahi kwenda kwa fundi mwingine? Wengine hawajui kazi. Kila suruali yao inaburuza mguu mmoja. Mmoja tu! Wa kulia hauburuzi."

Nikasema ni kweli, mafundi wamekuwa wavivu. Alipoondoka nilifungua daftari. "Mguu kulia 30, kushoto 29." Miaka yote hiyo mtu huyu anatembea mjini hajui kwamba mguu wake mmoja ni mfupi, kwa sababu Baba hakutaka ajue. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikaendelea kupiga pindo.

Machi 16, Jumatatu

Mvua kutwa. Vifungo arobaini na vinne. Sikuongea na mtu ila beseni.

Machi 19, Alhamisi

Nimepanga kopo la vifungo, lile la bati lililokuwa la biskuti. Ndani: vifungo vya kila rangi, sindano nne zilizopinda ambazo Baba alikataa kuzitupa, zipu isiyo na mwenzake, na kipande cha futi ya kupimia, kirefu kama pingili ya kidole gumba, kimeandikwa 1. Nimevirudisha vyote. Baba hakutupa kitu, na mimi nani nianze?

Futi yake yenyewe, ile aliyoivaa shingoni kuanzia asubuhi mpaka kufunga, iko kwa Mama. Hospitalini walimkabidhi pamoja na shati. Ameiweka chini ya mto, nami sithubutu kuiomba. Kaka ameniletea mpya, ya manjano. Alisema, "Isije ikawa umeshindwa kwa kukosa vifaa." Ndivyo anavyopenda watu, Kaka.

Machi 24, Jumanne

Mkunga amekuja. Huyu mama amepokea nusu ya watoto wa mitaa hii, mimi nikiwemo, na hana haya kunikumbusha kwamba nilitoka nikipiga kelele na sijaacha. Anastaafu Mei, na Jumamosi ya tarehe tisa wenzake wanamuaga. Gauni la siku hiyo halijakatwa.

Alitaka kukiona kitambaa chake. Nikakitoa kabatini. Ni cha buluu nzito, laini, na ukikishika unasahau ulichotaka kusema. Mumewe marehemu alikinunua miaka kumi na saba iliyopita, akamwambia akivae siku atakapopumzika. Kiko hicho tu, na hakitengenezwi tena.

"Baba yako alinipima Januari," akasema. "Alikishika hivihivi, akasema hiki hakikatwi mara mbili. Sasa atakikata nani?"

"Mimi, Mama."

Alinitazama muda. Watu waliozoea kusikiliza matumbo ya wenzao wanajua kunyamaza. "Haya, mwanangu," akasema. "Lakini usianze na changu."

Machi 30, Jumatatu

Zile kumi na mbili zimekwisha. Hakuna iliyorudi. Zimebaki saba, na hizo ni zangu.

Aprili 2, Alhamisi

Nimekata.

Nimeanza na suruali ya yule ambaye daftarini anaitwa Bwana Haraka. Nilitandika kitambaa, nikachukua chaki, na mkono ukagoma. Nikakumbuka kwamba Baba hakuwahi kukata bila kunong'ona kitu kwanza. Aliinamisha kichwa juu ya meza, midomo ikacheza kidogo, ndipo mkasi ukaingia. Wateja waliamini ni dua. Jirani mmoja aliwahi kusema ni dawa. Mimi nilisema ni dua, na nilinyamaza kila aliponong'ona, kwa heshima.

Basi nami nikaomba. Niliomba dua ndefu, yenye majina ya marehemu wote ninaowajua. Nikakata. Maji ukiyavulia nguo yaoge.

Kushona kutachukua siku mbili.

Aprili 4, Jumamosi

Bwana Haraka ameivaa. Ilisimama kiunoni mpaka alipoachia mkono. Akaidaka magotini.

Alikuwa mpole. "Labda nimekonda," alisema. "Msiba ule ulituuma wote."

Aprili 7, Jumanne

Shati la Bega Mlima. Kola inamwingia yeye na mtoto wake. Yeye naye anasema amekonda.

Nimeanza kuamini mtaa mzima umekonda kwa kumlilia Baba.

Aprili 9, Alhamisi

Blauzi imepwaya. Nimemwomba mwenyewe nimpime upya, kwa futi mpya. Nimepata kifua thelathini na saba. Daftari linasema thelathini na nane. Nikapima tena: thelathini na saba. Nikajiambia sijui hata kushika futi. Maana kati yangu na Baba, nani anaweza kuwa amekosea? Nimefuta kipimo changu.

Kaka alipita jioni akaikuta ile suruali ya Bwana Haraka imetundikwa ukutani ikisubiri kupunguzwa. Aliivuta kiunoni kwa vidole viwili, akaiachia. Halafu akasema kuna mtu anaweza kuja kuziona mashine mwezi wa tano, "kuziona tu."

Aprili 15, Jumatano

Nguo nne, zote zinapwaya. Leo nimemkasirikia Baba, na kwa kuwa hapa hasomi mtu nitasema yote.

Miaka kumi na moja! Nimemshikia pasi, nimemtungia sindano macho yake yalipochoka, nimemwandikia kila kipimo. Alijua kwamba siku moja atakwenda. Kila mtu hujua. Kwa nini hakunipa mkasi hata kwa kitambaa cha foronya? "Ulishakata mapema." Nilikata nini, lini? Nilikuwa na miaka ishirini nilipoingia chumba hiki, na sasa nina thelathini na moja, na ninachojua ni kuzunguka kitu ambacho yeye amekwisha kukifanya. Kila mtu anakuja hapa ananiambia jinsi alivyokuwa mwema. Alimshonea fulani sare ya mtihani usiku mmoja. Alimpanulia fulani koti kimyakimya ili asijue amenenepa. Kweli, alikuwa mwema kwa viuno vya watu wote. Na mimi je?

Nimeandika, na sasa naona haya. Lakini sifuti.

Fundi viatu, jirani yetu wa mlango wa pili na mtani wa Baba wa miaka yote, amenisikia nikiitupa chaki. Akachungulia na nyundo mkononi. "Hiyo chaki imekukosea nini? Kupotea njia ndiko kujua njia."

"Mimi nimeijua sasa, Baba mdogo. Inaelekea nyumbani."

Hakucheka. Akaiokota chaki, akaiweka mezani.

Aprili 18, Jumamosi

Mkunga amepita mlangoni na mwavuli. Hakuuliza. Wiki tatu zimebaki.

Aprili 21, Jumanne

Lazima niandike polepole, nisije nikaruka kitu.

Mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua suruali yake, ya tano kati ya zile saba. Daftarini anaitwa Jumlisha. Akaivaa, akasimama mbele ya kioo. Kiuno kinapwaya, na chini suruali imekaa juu ya viatu kama imechoka.

Nikaanza kuomba radhi. Nikasema labda amekonda, msiba, watu wengi wamekonda.

"Kiuno kinaweza kukonda kwa majonzi," akasema. "Na mguu? Mguu wangu umefupika kwa huzuni?"

Yeye akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa kalamu. "Lete daftari. Na lete hizo nguo zilizorudi." Akaanza kupima, mimi namsomea. Kiuno cha Bwana Haraka kimezidi inchi moja. Kola ya Bega Mlima imezidi moja. Blauzi moja, mkono wa blauzi moja, mguu wa suruali yake mwenyewe moja. Akaandika moja, moja, moja, safu ndefu, kisha akavua miwani.

"Mtu asiyejua kazi anakosea huku mbili, kule nusu, kule anapunja. Wewe umekosea kitu kimoja, mara zote, kiasi kilekile. Hilo kwetu si kosa, ni kanuni. Wewe umekata sawasawa kabisa. Daftari ndilo lina moja ya ziada."

"Daftari nimeandika mimi, kama alivyotamka Baba."

"Basi tafuta alipokuwa anaanzia kuhesabu."

Nilifunga chumba nikaenda nyumbani na mvua yote kichwani. Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia nataka kuiona futi ya Baba. Akajifuta mikono, akaingia ndani, akarudi nayo imekunjwa kwenye kitambaa cha mkono. Nikaitandaza mezani, na ile ya manjano kando yake. Nimeiona futi hii shingoni mwa Baba maisha yangu yote, na sikuwahi kuisoma. Ncha yake imevikwa kipande cha ngozi. Mwanzo wa ngozi mpaka alama ya kwanza ni inchi moja, na alama hiyo imeandikwa 2.

Haina inchi ya kwanza. Anayepima kwayo, kila atakachokisoma kimezidi moja.

"Ilikatika lini?" nikauliza.

Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Haikukatika. Uliikata wewe."

Nikakaa.

"Ulikuwa na miaka mitatu. Nilikuacha naye kule nikaenda sokoni. Kurudi, nakukuta chini ya meza na mkasi mkubwa umeushika kwa mikono miwili, na futi mpya, hata wiki haina, umeikata kichwa. Nikaruka nikuzabe kofi. Baba yako akanidaka mkono. Alikuwa anacheka mpaka machozi. 'Mwache,' anasema, 'mtoto ameanza kazi. Na tazama alivyokata, hajatoka kwenye mstari!' Siku hiyohiyo akaipeleka kwa fundi viatu ikavishwa ngozi. Nikamwambia, mume wangu, nunua nyingine, hii itakuharibia hesabu. Akasema haiharibu kitu. Kila kipimo kitazidi moja, na hiyo moja ataitoa mwenyewe kichwani kabla ya kukata."

Ulishakata mapema.

"Mama," nikasema, "alipokuwa ananong'ona pale mezani..."

"Kwani hukuwahi kumsikia? Miaka yote mlikaa chumba kimoja!" Akainamisha kichwa juu ya maharage, akamwigiza, midomo ikicheza kidogo. "'Toa moja ya binti.' Ndiyo hiyo. Kila nguo."

Nililia hapo mezani bila kujificha. Miaka ishirini na minane. Kila shati, kila suruali ya shule, kila koti la harusi lililotoka chumba kile, kabla ya mkasi kuingia, Baba alisema binti. Na mimi nilisimama hatua mbili pembeni, nimenyamaza kwa heshima, nikidhani anazungumza na Mungu.

Nilipopata pumzi nikauliza, "Kwa nini hakuniambia? Kwa nini hakunipa nikate?"

Mama alirudi kwenye maharage yake. Alichambua mengi kabla ya kujibu. "Sijui, mwanangu. Ungekata wewe, ungeitoa wewe hiyo moja, naye angekuwa hana tena cha kutoa. Labda alikuwa anapenda kuitoa."

Aprili 22, Jumatano

Nilikwenda kumgombeza fundi viatu. "Ulijua!"

"Nilijua nini? Niliwekea futi kofia miaka ile, nikalipwa kwa kikombe cha chai. Nilidhani wewe ndiye unayejua zaidi, mkasi ulikuwa wako." Kisha akasoma uso wangu, akaweka nyundo chini. Nilikuwa nimetoa kile kipande kwenye kopo la vifungo. Akakigeuzageuza kwenye kidole chake cheusi kwa rangi. "Nikiunge? Sindano mbili tu, kitarudi kama hakijaondoka."

Nilitamani. Halafu nikafikiria kurasa zile zote za mbele, wapakiaji na walimu na Bega Mlima. "Hapana, Baba mdogo. Ukikirudisha, daftari zima linakuwa uongo."

Aprili 24, Ijumaa

Nimepunguza zote tano na zimekaa. Bwana Haraka ameruka mara tatu mbele ya kioo kuhakikisha. Anasema amenenepa, Mungu mkubwa.

Aprili 27, Jumatatu

Kitambaa cha buluu.

Nilifagia meza mara mbili. Nilihamisha beseni mbali. Nilitandika, nikapiga pasi, nikasoma daftari kwa sauti ingawa nilikuwa peke yangu, "Kifua arobaini na mbili! Kiuno thelathini na tisa!" Sauti yangu ni nyembamba kuliko yake, lakini ukuta umeizoea.

Nikavaa futi yake shingoni. Mama alinipa mwenyewe asubuhi, aliniwekea tu kama anavyomwekea mtu koti. Nikainama. Sikuomba dua ndefu safari hii. Nilisema yale maneno manne na mkasi ukaingia.

Mei 2, Jumamosi

Mvua imepungua. Beseni halijajaa tangu juzi.

Mei 9, Jumamosi

Nilimvalisha Mkunga hapahapa, mbele ya kioo chenye ufa, na Mama akifunga vifungo vya nyuma kwa sababu mikono yangu ilikataa. Alipogeuka, fundi viatu aliyekuwa mlangoni akasahau utani wake. Gauni lilishuka mabegani, likapita kiunoni bila kubana wala kulegea, likaishia pale nilipotaka. Mkunga alijitazama. Alishika kitambaa pembeni kwa vidole, kama mtu anavyoshika mkono wa mtu.

"Nimepokea watoto wengi," akasema, "wengine ukiwaona tu unajua watachelewa kutembea." Akanishika shavu. "Lakini wanatembea."

Halafu akaenda kuagwa. Nilimtazama mpaka mwisho wa barabara. Baba angeenda nyuma yake akijifanya anatafuta kitu chini, ili auone upindo.

Mei 13, Jumatano

Jua tangu Jumapili. Kaka amekuja, kama tulivyopatana. Amekuja peke yake.

Alisimama katikati ya chumba akatazama ukuta. Hakuna nguo iliyotundikwa kurudiwa. Zote kumi na tisa zimekwenda, na kabatini kuna vitambaa sita vipya, kimoja kimeletwa na muuguzi aliyeliona gauni la Mkunga.

"Yule mtu wa mashine," akaanza.

"Ndiyo."

"Nimemwambia asije." Akakohoa. Akatoa mfuko aliokuwa ameuficha nyuma ya mgongo, na ndani yake kitambaa cha kijivu. "Suruali zangu za dukani hazijawahi kunikaa. Baba alisema nilete kitambaa siku nikipata nafasi. Sikupata."

Sikumwacha aendelee. Nilimsimamisha palepale wanaposimama wateja. Mama akakaa kwenye cherehani yangu na daftari. Amenionyesha zimebaki kurasa mbili tu kati ya vipimo vinavyotoka mbele na haya ninayoyaandika kutoka nyuma, kwa hiyo nafunga hapa, zilizobaki ni za watu. Nikamzungushia futi ya Baba kiunoni, ngozi kwenye kidole gumba, nikatamka kwa sauti kubwa, mpaka kwa fundi viatu isikike:

"Kiuno thelathini na nane!"

"Thelathini na nane?" Kaka akashtuka. "Mimi ni thelathini na saba, tangu nioe!"

"Andika thelathini na nane, Mama."

"Nimeandika."

"Mdogo wangu, itaanguka!"

"Tulia, Kaka," nikamwambia. "Moja ni yangu."